Jiko jeupe litachuja? Inategemea weupe upi

Pita Goba, Madale, Bunju au Kigamboni hapa Dar es Salaam, ingia kwenye nyumba yoyote iliyofika hatua ya kumalizia, utakuta jiko jeupe. Makabati meupe ya kung'aa, yenye vishikio vya rangi ya dhahabu au yasiyo na vishikio kabisa. Ukutani marumaru nyeupe zenye michirizi ya kijivu. Kaunta nyeupe. Dari ya jipsamu nyeupe, na taa zilizozamishwa humo nazo zinatoa mwanga mweupe. Nyumba tulizokulia sisi, zile zilizokuwa na jiko la ndani, makabati yalikuwa ya mninga au mkongo, yamepigwa vanishi mpaka yanakaribia weusi, na hakuna aliyeuliza kama yako kwenye fasheni.

Wifi yangu anamalizia nyumba Goba. Fundi wa makabati anambana aseme rangi, ili akanunue mbao kabla bei haijapanda. Akanipigia. "Wifi, wewe ndiye unayeshinda kwenye mambo haya ya nyumba. Hivi hili jeupe si litachuja kesho kutwa tu, nibaki naangaliana nalo?" Nikamwambia asitoe advansi kwanza, maana jibu langu lina maelezo marefu na vocha ingeisha kabla sijafika mwisho. Maelezo yenyewe ndiyo haya.

Swali lake ni zito kuliko linavyosikika, na uzito wake unatokana na jinsi tunavyojenga. Mtu wa Dar hajengi nyumba kwa mwaka mmoja. Ananunua kiwanja, anakaa. Anachimba msingi, anakaa. Anapandisha boma, na boma linaota majani mpaka zamu yake ya upatu ifike. Kisha kupaua, kisha plasta, kisha madirisha ya alumini. Jiko linakuja mwishoni kabisa, hela ikiwa imekauka, wakati picha aliyoipenda ameitunza kwenye simu tangu enzi za msingi. Na akishalijenga ndilo hilo hilo. Hatalibadilisha baadaye kwa mkopo wa benki kama wanavyofanya baadhi ya wenzetu wa Ulaya. Watoto watakua humo, watahitimu, wataolewa, na makabati yatakuwa ni yale yale. Kwa hiyo mtu anapouliza kama jiko jeupe litadumu kwenye fasheni, anauliza pia kama hela yake ya mwisho ameiweka mahali salama.

Kuhusu fasheni yenyewe nitasema kwa haraka, kwa sababu historia yake iko wazi. Weupe wa jikoni huko Ulaya na Marekani haukuanza kama urembo. Louis Pasteur wa Ufaransa alikuwa ameshaonyesha kuwa vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyochachusha na kuharibu vinywaji na vyakula. Mwaka 1882 daktari Mjerumani, Robert Koch, akatangaza kuwa amemgundua mdudu anayeleta kifua kikuu, ugonjwa uliokuwa ukiua watu kwa wingi. Habari hizo zilipoingia majumbani, watu wakaanza kuuogopa uchafu kwa namna mpya. Hospitali, maduka ya maziwa, bucha, bafu na majiko vikavishwa vigae vyeupe na enameli nyeupe, kwa hoja moja tu: kwenye cheupe uchafu unaonekana, na ukionekana utafutwa. Kuanzia mwaka 1916 viwanda vya Norway na Marekani vikaanza kutengeneza kwa wingi unga wa titani, ambao mpaka leo ndio unaoipa rangi nyeupe ya dukani uwezo wa kufunika. Kabla ya hapo weupe mzuri ulitoka kwenye madini ya risasi, na madini hayo ni sumu.

Jambo ambalo wauzaji wa makabati hawalisemi ni kwamba jiko linalohesabiwa na wasanifu wengi kuwa mzazi wa majiko haya ya kisasa ya kujengea halikuwa jeupe. Mwaka 1926 msanifu majengo mwanamke kutoka Vienna, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za wafanyakazi mjini Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa dogo, upana wake kama mita 1.9 na urefu kama mita 3.4, kila kitu kimewekwa pale mkono unapofika, na yalijengwa karibu 10,000. Mengi yalipakwa bluu inayoelekea kijani kwa sababu wakati ule iliaminika nzi hawapendi kutua kwenye rangi hiyo. Droo za unga zilikuwa za mti wa mwaloni, kwa kuwa iliaminika mwaloni hufukuza wadudu wa unga. Napenda sana habari hii. Mama yule hakuuliza watu wanapenda nini mwaka huu. Kila rangi na kila ubao aliuwekea sababu inayotokana na kazi ya jikoni.

Baada ya hapo rangi zimekuja na kuondoka. Miaka ya 1950 Wamarekani walipaka majiko pinki na feruzi. Miaka ya 1970 ikawa kijani cha parachichi na njano iliyokolea, na friji na majiko ya umeme yakatoka kiwandani kwa rangi hizo hizo, halafu yote yakaonekana ya kizamani kwa mpigo mmoja. Kuanzia miaka ya 2000 weupe ukarudi kwa nguvu, na simu zikausambaza mpaka kwetu. Sasa hivi wabunifu wa huko huko wanarudi kwenye mbao, kijani iliyokolea na rangi za udongo. Kampuni ya Pantone, ambayo kila mwaka hutangaza rangi yake ya mwaka, iliutaja udhurungi unaoitwa Mocha Mousse kwa mwaka 2025, kisha kwa mwaka 2026 ikautaja weupe, Cloud Dancer. Miaka miwili mfululizo, udhurungi kisha weupe. Anayejenga kwa miaka 10 akijaribu kuwafuata hawa, atafika kwenye kupaua wao wameshageuza mara 10.

Sasa nije kwetu, na hapa naomba nitulie kidogo.

Weupe pwani hii haukuletwa na makontena. Nenda kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, au kama nauli haitoshi nenda Kaole, pale karibu na Bagamoyo. Kuta zile ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa. Watu walipanga magogo, wakapanga mawe juu yake, wakachoma mpaka mawe yakapoteza nguvu, kisha wakayamwagia maji yakachemka yenyewe na kuvunjika kuwa unga. Unga huo ukikorogwa tena na maji na kupakwa ukutani, unavuta hewa ya ukaa iliyo angani na taratibu unarudi kuwa jiwe. Ukuta uliopakwa chokaa unakuwa na ngozi nyembamba ya mawe. Chokaa mbichi ni kali, ukungu na vijidudu haviipendi, na ndiyo maana mabibi waliipaka vyooni na jikoni pasipo kumsubiri Koch.

Shangazi yangu anakaa Mwananyamala, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili, na nyuma uani penye jiko, choo na bafu. Jiko lake ni chumba kidogo chenye dirisha la nondo. Kila Ramadhani inapokaribia kwisha anaagiza chokaa ya mfuko, anailoweka kwenye pipa usiku kucha, anatia chumvi kidogo ishike, anaichuja kwa kipande cha khanga. Asubuhi vijana wanasugua masizi kwa brashi ya waya na maji, kisha wanapaka mkono wa kwanza kwa brashi ya katani. Ukiutazama ukiwa bado na maji, mkono huo wa kwanza unakatisha tamaa: kijivu tupu, masizi yanaonekana yote. Shangazi anawaambia waache, wakanywe chai. Jua likipiga uani, ukuta unaanza kubadilika kutoka juu kwenda chini, na ifikapo adhuhuri ni mweupe mpaka unakunja macho. Mkono wa pili unapakwa jioni. Sikukuu ya Idi inakuta jiko jipya kwa gharama ya mfuko mmoja na sahani mbili za pilau za vijana.

Jiko la shangazi lilikuwa jeupe kabla sijazaliwa na bado ni jeupe. Halijawahi kuchuja, kwa maana zote mbili, kwa sababu kila mwaka linaanza upya. Ninapoulizwa kama majiko meupe yatabaki, huwa nauliza kwanza: weupe unaoweza kurudiwa, au weupe uliogandishwa kiwandani? Hayo ni mambo mawili tofauti, na kwenye picha yanafanana kabisa.

Huu wa kiwandani tuuangalie kwa karibu. Nilikwenda Keko, kwa mafundi samani, nikamkuta fundi anaondoa makabati ya zamani aliyoletewa na mteja ayatengeneze upya. Yalikuwa meupe ya kung'aa. Kwa mbele mlango bado ulikuwa mzuri, ukijitazama unajiona. Akaugeuza. Ukingo wa chini, ule uliokuwa karibu na sinki, tepu ya pembeni ilikuwa imebanduka kama upana wa kidole, na ndani yake ubao ulikuwa umevimba kama andazi lililokaa kwenye chai. Akaukwangua kwa ukucha, unga ukadondoka. "Dada, hii ni chipubodi," akaniambia. "Maji yakishaingia hapa hakuna fundi. Huwezi kuipiga msasa, huwezi kuipaka rangi, maana juu ni plastiki. Unatupa." Nikamwuliza kama bado anawauzia watu. "Nyeupe ndiyo inayotoka. Mteja anakuja na picha, nimwambie nini?"

Simlaumu. Ila ni vizuri kila anayetoa hela aelewe kinachotokea. Chipubodi ni vipande vya mti vilivyogandamizwa kwa gundi. MDF ni nyuzi laini za mti zilizogandamizwa kwa gundi. Vyote viwili vinakunywa maji pale palipokatwa na palipotobolewa kwa ajili ya bawaba. Kinachovikinga ni ile ngozi ya juu na tepu ya ukingoni, na tepu inategemea gundi. Dar kuna masika kuanzia Machi mpaka Mei, kuna vuli, na hata kiangazi hewa ya bahari ina unyevu wa kutosha kulegeza gundi hafifu. Karibu na oveni joto linabandua ngozi; karibu na sinki maji yanavimbisha ubao. Ukibadilisha mlango mmoja baada ya miaka 6, mpya hautafanana na wenzake, kwa sababu nyeupe ya kontena la mwaka ule si nyeupe ya kontena la mwaka huu, na zilizobaki nazo zimeshaanza kuwa njano. Hapo ndipo jiko zima linaonekana limechuja, na watu wanailaumu rangi.

Rangi ya kupaka nayo ina tabia zake. Nyeupe ya mafuta, ile inayonuka siku tatu, huwa njano penye giza. Watu wengi wanadhani ni jua linaloiharibu. Vuta friji uangalie ukuta wa nyuma yake, au fungua kabati lisilofunguliwa mara kwa mara, utaona. Nyeupe ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya mbao inastahimili zaidi. Maji ya kisima, ambayo mitaa mingi yetu inayatumia bomba la DAWASA linapokauka, nayo yana chumvi, na kwenye baadhi ya visima yana chuma. Yakikauka kwenye kaunta nyeupe kuzunguka bomba yanaacha duara la udongo linalorudi kila wiki.

Halafu kuna chakula chetu. Hapa ndipo picha za mtandaoni zinapotuacha peke yetu, kwa sababu waliozipiga hawapiki mchuzi wa nguru. Chukua tone la mchuzi wenye manjano, liache kwenye kaunta nyeupe ya mawe ya kutengeneza wakati unapakua chakula. Ukirudi na kitambaa na sabuni ya unga, doa halitoki, linageuka jekundu la kutu mbele ya macho yako. Sabuni ya unga ina ukali wa magadi, na manjano ikikutana na ukali huo inabadilika rangi. Kamulia ndimu juu yake, doa linarudi kuwa la njano. Watoto wangu wanapenda kuliona hilo, mimi silipendi hata kidogo. Kinacholiondoa kwa hakika ni jua: rangi ya manjano haivumilii mwanga wa jua, na ubao wa kukatia ukiuanika uani kutwa nzima unarudi safi. Kaunta huwezi kuianika. Kwenye marumaru zenyewe doa halikai, lakini grauti nyeupe iliyo katikati yake inalinywa, na baada ya mwaka wa pilau na samaki wa kukaanga ukuta nyuma ya jiko unakuwa na gridi ya njano ambayo hakuna dawa inayoifuta yote.

Kwa nini basi majiko mengi meupe ya Dar yanaonekana mapya? Kwa sababu hayapikiwi. Uani haukufa tulipohamia Goba. Ulibadilishwa jina ukaitwa jiko la nje. Ramani za nyumba nyingi za siku hizi zina majiko mawili. La ndani ni jeupe, lina oveni, kaunta na viti virefu. La nje lina sinki la zege, jiko la mkaa, mbuzi ya nazi imeegemezwa ukutani, na ndiko kinakopikwa kila kitu chenye harufu. Nimeingia kwenye nyumba ambazo oveni ya jiko la ndani bado ina stika ya dukani, na humo ndani yake yanatunzwa masufuria. Siwacheki wenye nyumba hizo. Wanapika pale ambapo moshi una njia ya kutoka, na kuwasha mkaa ndani ya nyumba iliyofungwa ni hatari ya kweli, hewa yake inaua bila kunuka. Ila weupe wa namna hiyo haujajaribiwa, kwa hiyo hauwezi kutuambia kama unadumu.

Jaribio linakuja, na halitaletwa na wabunifu wa mapambo. Mwaka 2024 serikali ilizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, unaofika mwaka 2034, wenye lengo la asilimia 80 ya Watanzania kupika kwa nishati safi. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilishaagizwa ziachane na kuni na mkaa. Mitungi ya gesi ya kilo 6 na kilo 15 imejaa kila duka la mtaani, na wengi wameanza kuchemshia maharage kwenye majiko ya presha ya umeme. Wakati huo huo watu wanahamia juu. Ghorofa za Magomeni Kota, zilizozinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya kaya 644, hazina uani. Anayekaa ghorofa ya sita hana pa kuupeleka moshi wala pa kukunia nazi zaidi ya lile jiko moja la ndani. Kwake jiko ni la kupikia kweli, kila siku, mchuzi na dagaa humo humo, na akilifanya jeupe litamjibu ndani ya mwaka mmoja kama limejengwa kwa kupika au kwa picha.

Kwa upande mmoja gesi inaupa weupe nafasi ambayo haukuwahi kuwa nayo, maana masizi yanaondoka. Jiko la ghorofani mara nyingi lina dirisha moja dogo linalotazama jirani, na rangi nyeupe mpya inarudisha zaidi ya robo tatu ya mwanga unaoipiga. Siku umeme umekatika na una taa moja ya kuchaji, tofauti unaiona. Mende naye hana pa kujificha. Hizo ni faida za kweli, na ndizo zinazonifanya niamini kuwa weupe hauendi popote. Anayekwambia majiko meupe yamekwisha anakuuzia kitu kingine, pengine kijivu, ambacho nacho kimeshaanza kuonekana cha jana.

Upande mwingine wa weupe ni kazi, na hili ningependa tuliseme kwa sauti. Jiko jeupe linataka mtu. Kwenye nyumba nyingi za Dar mtu huyo ni dada wa kazi, binti aliyeamka saa 11 alfajiri kuwaandaa watoto wa shule. Saa 4 usiku, sote tukiwa tumekaa sebuleni, yeye bado anafuta alama za vidole kwenye milango ya kung'aa isiyo na vishikio, milango ambayo namna pekee ya kuifungua ni kuishika. Mbunifu aliyeondoa vishikio hakumfikiria. Mteja aliyelipa zaidi ili viondolewe naye hakumfikiria. Unapochagua jiko unachagua pia kazi ya mwenzako ya kila usiku, na mimi kwa hilo peke yake ningekataa makabati ya kung'aa hata kama yangedumu miaka 100. Rangi iliyofifia kidogo, isiyong'aa, yenye kishikio cha kawaida, inapunguza kazi hiyo kwa kiasi kikubwa. Jeupe linaloegemea maziwa au pembe za ndovu halipigi kelele kila likiguswa.

Kwa hiyo wifi, majibu yako haya hapa.

Kuta za jikoni paka nyeupe bila wasiwasi. Rangi nyeupe ya maji inayooshwa, na kila baada ya miaka miwili au mitatu, Idi au Krismasi ikikaribia, unarudia mkono mmoja kwa ndoo moja. Hizo kuta hazitachuja ukiwa hai. Dari vilevile.

Makabati ya juu, yale yasiyoguswa na maji, yawe meupe ukipenda, lakini yawe ya ubao uliopakwa rangi, usikubali uliovishwa plastiki. Ukichoka nayo baada ya miaka 8 fundi atapiga msasa na kuyapaka kijani au rangi yoyote itakayokuwa inavuma, na hela itakayotoka ni ya rangi na siku mbili za kazi. Makabati ya chini, kuanzia sinki mpaka kwenye jiko, usiweke nyeupe na usiweke chipubodi. Weka mninga au mtiki kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, jengea kuta za matofali na juu yake zege lenye terazo au graniti ya rangi ya wastani, halafu milango iwe ya alumini; maji hayataila na mchwa hawataigusa. Wasikwambie alumini ni ya ofisini. Miguu ya makabati ya mbao inyanyuke sentimita 10 kutoka chini ili deki ipite, na ukingo wa chini wa kila mlango upakwe rangi kabla haujafungwa, kwa sababu ukishafungwa hakuna fundi atakayelala chini kuupaka. Simama uangalie anafanya.

Nyuma ya jiko weka marumaru nyeupe kubwa ili mistari iwe michache, na grauti iwe ya kijivu. Chagua mwenyewe dukani Kariakoo, usimwachie fundi, kwa maana ataleta nyeupe kwa mazoea. Nunua boksi moja la ziada uliweke stoo.

Jiko la nje usilifute kwenye ramani hata kama utatumia gesi tupu. Lipe sinki, bomba, meza ya kukatia na paa lenye kivuli, nalo ulipake chokaa. Shangazi amesema atakuja mwenyewe kuwaonyesha vijana namna ya kuiloweka, mradi umtumie bodaboda asubuhi mapema kabla jua halijawa kali. Fundi mwambie aje na vipimo Jumamosi, na advansi asipewe zaidi ya nusu.